Bonde Katikati ya Ubao

Mama mkwe alipofariki aliacha vitu vichache kwa mtu aliyeishi miaka mingi kiasi kile. Aliacha kitanda, saa ya ukutani iliyokuwa imegoma, magauni aliyoshonewa na mke wa mwanawe, na ubao wa kukatia. Kitanda kilipata wa kukichukua kabla machozi hayajakauka, maana watu ni watu. Saa ikaachwa ukutani kwa heshima. Ubao ulibaki jikoni, juu ya meza kando ya sinki, kwa kuwa hakuna aliyeukumbuka. Nani ahangaike na ubao siku za msiba?

Huyo mke wa mwanawe wateja walimwita Fundi, na sisi tumwite hivyo hivyo, kwani jina la kazi mtu amelitolea jasho. Cherehani yake ilikuwa katika chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, na alishona sare za shule, suruali za ofisini na magauni ya watu wanaotaka kuonekana wembamba. Akimwona mtu anapita tu barabarani, alijua bega lipi limeshuka. Jikoni lakini alikuwa mgeni. Tangu aolewe, kila aliposogea karibu na jiko, mama mkwe alimrudisha kwenye cherehani yake, tena bila ugomvi.

"Wewe shona, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

Fundi alishukuru. Kuna wanawake wanaotafuta mama mkwe wa namna hiyo mpaka mvi zinawatoka, na yeye alipewa bure.

Basi mama akazikwa, na mwanawe akaacha kula. Mume wa Fundi alikuwa msoma mita za maji. Kutwa anazunguka nyumba za watu, anafunua vifuniko vya zege, anainama, anainuka. Ni kazi ya miguu, na mwenye kazi ya miguu hana budi kula. Lakini jioni aliketi mezani, akatia kijiko mdomoni mara moja, kisha akakiweka chini polepole kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. "Nimeshiba," alisema. Alishibia wapi? Makaburini hakulia, na nyumbani hakulia. Watu walimsifu kwamba huyo ndiye mwanamume. Fundi hakusifu kitu, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpunguzia suruali kiunoni. Alipunguza za kazini, akapunguza za kutokea, kisha akarudia tena za kazini, na siku hiyo alikaa na mkasi mkononi akaogopa kweli. Mumewe alikuwa anaisha, na yeye kazi yake ilikuwa kupunguza kitambaa nyuma yake.

Chakula chenyewe, tuseme ukweli, hakikumshawishi mtu kuishi. Fundi alikuwa akikatia kwenye kiubao cha plastiki alichonunua dukani, chepesi, chenye kuteleza kama sabuni. Siku moja kikateleza moja kwa moja mpaka sakafuni, kikapasuka. Kitunguu kilikuwa nusu na mafuta yalikuwa yameshapata moto. Fundi akauvuta ubao wa mama mkwe.

Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Ulikuwa mnene, mweusi kwa mafuta ya miaka, na ulinuka vitunguu hata ukiusugua kwa chumvi na ndimu. Katikati yake, si katikati hasa bali kushoto kidogo, palikuwa na bonde. Kisu cha mama mkwe kilikuwa kimeparuza pale siku nenda siku rudi mpaka mti ukakubali kushuka. Ukiweka kitunguu pembeni, kilibiringika chenyewe mpaka bondeni, kikatulia. Fundi alijaribu kukata akiwa amesimama wima, kisu kikagonga ukingo wa bonde na kukwama. Akasogea. Akaegemeza nyonga ya kushoto kwenye meza, akashusha bega, na kisu kikaanza kwenda.

Kilikwenda kweli. Vipande vilitoka vyembamba, sawasawa, na mkono wake haukuwa na la kufanya ila kufuata. Alikata kitunguu, akakata nyanya, akakata na kitunguu kingine ambacho hakuwa amekusudia kukikata. Jioni ile mumewe alikula mpaka akakomba sahani kwa kidole.

"Umepika kama mama," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu msiba.

Mke gani asingefurahi? Fundi alifurahi mpaka akaosha vyombo akiimba. Kesho yake akautumia ubao tena, na keshokutwa, na wiki ikapita, na suruali za msoma mita zikaanza kurudishiwa mishono yake. Jirani akapitisha kichwa dirishani akauliza mama gani huyo mnayemficha humo ndani anayepika hivi. Fundi akacheka. Alicheka kweli, wakati huo bado ilikuwa mzaha.

Lakini mazoea yana tabu. Mama mkwe alikuwa na nyonga mbovu, na kwa ajili hiyo alikuwa na mwendo wake wa kukata ambao nyumba nzima iliujua: mapigo mawili, kisha kimya wakati anahamisha uzito kwenda mguu mzima, kisha pigo moja. Ko-ko. Kimya. Ko. Siku moja mchana, peke yake jikoni, Fundi alisikia sauti hiyo, akainua kichwa kutazama nani anakata. Alikuwa yeye. Nyonga zake zote mbili zilikuwa nzima, hakuna mguu uliohitaji kupumzishwa, na bado mkono ulisimama hewani ukingoja. Akajilazimisha kukata bila kusita. Kisu kikamkata kidole cha shahada, si kidogo. Alifunga kidole kwa kitambaa cha shati la mteja, akaendelea na vitunguu vilivyobaki, na safari hii aliuacha mkono usite unapotaka.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba ubao unamfundisha kazi? Wangemwambia ashukuru.

Halafu likaja gauni. Fundi alikuwa amealikwa harusi ya mteja, akajishonea gauni refu la kijani, la pindo la kawaida. Alipolivaa mbele ya kioo, pindo lilikuwa limepanda upande wa kushoto. Akalifumua, akalishona upya, akapiga pasi. Likapanda tena. Fundi mzoefu halaumu kioo. Akachukua tepe, akajipima kiunoni mpaka chini kulia, akajipima kushoto, kisha akakaa juu ya kiti cha cherehani na tepe shingoni. Vipimo vile alivijua kwa kichwa. Alikuwa amevitumia miaka yote katika magauni ya mama mkwe: kushoto unaongeza vidole viwili, kwa sababu ya nyonga. Mwili wake mwenyewe sasa ulidai vidole viwili vilevile.

Wengine husema kikulacho ki nguoni mwako wakimaanisha ndugu au rafiki. Fundi alikiona nguoni hasa, kwenye pindo. Alilikunja gauni, akalisukuma chini ya vitambaa vingine, na harusi hakwenda.

Yote hayo angeweza kuyameza, lau si wifi yake. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, anayeishi peke yake mitaa michache kutoka hapo. Alikuwa na mdomo huyo! Hakuwahi kuingia nyumba ile bila kusema neno kuhusu pazia, na Fundi hakuwahi kumwacha aondoke bila jibu, na ndivyo walivyopendana. Kila alipokuja alianzia kelele getini. Siku ile alikuja mchana, Fundi akiwa jikoni anakata karoti, na getini hakukusikika kitu. Wala hodi. Kulikuwa na ukimya tu mlangoni, kisha sauti ndogo, ya kitoto, haikufanana kabisa na ya wifi.

"Mama?"

"Viatu huko huko nje, mwanangu, nimepiga deki," Fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Hakuwa amepiga deki. Sakafu ilikuwa na vumbi la jana na vipande vya nyuzi. Na maisha yake yote hakuwahi kumwita wifi yake mwanangu, mwanamke aliyemzidi umri kwa mbali. Kikapu kikaanguka mlangoni. Nyanya zikabiringika mpaka chini ya meza. Wifi alikuwa amesimama kizingitini, machozi yakimtiririka, akivua viatu.

"Wifi, samahani," Fundi alisema, na sasa sauti ilikuwa yake. "Sijui limenitokaje. Sijui kabisa."

"Usiharibu," wifi alisema. "Sema tena."

"Siwezi."

"Sema tena, nakuomba. Mara moja tu."

Fundi alitikisa kichwa. Wifi akavuta kigoda, akaketi karibu na meza, akaegemea ukuta na kufumba macho. "Basi kata," alisema. "Endelea kukata tu, mimi nisikilize."

Na alikata, angefanyaje, chakula kilikuwa kinangojwa. Mume aliporudi walikula wote watatu. Kaka na dada walikumbushana mambo ya utotoni, jinsi walivyoiba sukari, jinsi mama alivyowafukuza na mwiko, wakacheka mpaka wakapaliwa. Fundi hakuwa na la kuchangia, maana yeye hakuwapo utotoni mwao, na hakuna aliyemuuliza neno. Mwisho mume alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Mama, chumvi."

Wako waume wanaowaita wake zao mama, mama fulani, mama watoto, na halina ubaya. Yeye hakuwahi kumwita hivyo. Hawakuwa na watoto bado; alikuwa akimwita Fundi kama kila mtu, na kwa mapenzi zaidi ya kila mtu. Sasa alisema mama kavu, kama anayemwita mama yake. Wifi alisikia, akainamia sahani akitabasamu. Na mkono wa Fundi ukaichukua chumvi ukaipeleka.

Usiku ule aliupima mzigo wake. Akiendelea na ubao ule, nyumba itafurahi, mume atanenepa, na yeye Fundi atakwisha bila msiba wala mtu wa kumlilia. Akiuacha, mume atarudi kuweka kijiko chini polepole, na safari hii huenda asikiinue tena. Alimpenda mumewe. Alijipenda pia, na alishangaa kugundua kwamba nyumbani kwake hilo lilikuwa jambo la kufanya kwa siri.

Kulipokucha aliutia ubao katika mfuko wa vitambaa, akaubeba begani, akaenda kwa seremala.

Seremala huyo aliitwa Msumari, kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na daima alikuwa na msumari mdomoni hata pale alipokuwa hana cha kupigilia. Karakana yake ilikuwa nyuma ya gereji, na maranda yalikuwa yametapakaa chini, yakikwaruza kwa kila hatua. Alikuwa ameinamia mlango wa kabati, mgongo kwa nje.

"Karibu mama, shikamoo!" alisema bila kugeuka. "Umetutupa siku nyingi!"

Kisha akageuka, na msumari ukamtoka mdomoni.

"Samahani, dada. Nilisikia mwendo wako nikajua... Kuna mama mmoja mteja wa marehemu baba yangu, anachechemea hivi, anavuta mguu wa kushoto."

"Huyo ni mama mkwe wangu. Amefariki."

"Poleni sana, sikupata habari." Alimtazama miguu, akaacha, kisha akaitazama tena. "Sasa aliyekuwa anatembea hapa ni nani?"

Alitaka kuchekesha. Wote wawili hawakucheka. Fundi akasema anataka ubao mpya wa kukatia, mzuri, unaomfaa, na Msumari akashukuru kupata jambo la kuzungumzia.

"Watu wanachagua ubao kama wanavyochagua mchumba," alisema, akishusha mbao kutoka rafuni, "wanatazama sura. Sura ya nini? Huu hapa, msonobari, mweupe, unapendeza. Mlaini! Unakunywa maji kama ng'ombe, na mwaka haujaisha umeshaota bonde. Huu mpingo, mgumu, utadumu kuliko wewe, lakini utakula kisu chako mpaka kibaki mpini. Wewe unataka wa katikati. Dondoshea tone la maji: likinyonywa upesi, achana nao. Gonga: ukilia kama debe, una ufa ndani. Uweke mezani, bonyeza pembe moja: ukicheza, ndoa hiyo haifiki mbali."

Alizipanga mbao juu ya benchi. "Na mwisho weka mkono," alisema. "Mkono una akili zake."

Fundi akaweka mkono. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ubao mweusi, mnene, wa mwisho kabisa.

"Jaribu tena, usiharakishe."

Msumari akazipanga upya, ule mweusi akauweka chini ya nyingine mbili. Fundi akafumba macho. Vidole vyake vikapita juu ya mti mmoja, vikapita juu ya mwingine, vikasukuma, vikafukua, vikatulia. Alijua ni upi kabla ya kufumbua macho, kwa namna moyo wake ulivyotulia pamoja na vidole.

Msumari hakuwa na utani tena. "Huo ni pacha wa ule wa mama mkwe wako," alisema. "Gogo moja. Baba alilipasua, nusu akamuuzia yeye, nusu ikakaa stoo mpaka leo. Leo asubuhi nimeingia stoo kutafuta gundi nikautoa. Sijui kwa nini nimeutoa."

"Mimi siutaki," Fundi alisema.

"Basi toa mkono."

Alitazama mkono wake. Ilimchukua muda kuutoa, na alipoutoa ilibidi autoe kwa kuuvuta kwa mkono mwingine. Hapo akaanza kulia, pale pale kwenye maranda, mtu mzima. "Sijui tena ninachokipenda mimi," alisema. "Nikiwekewa kitu mbele, sijui ni mimi ninayekitaka au ni yeye. Alikuwa mama mwema, kaka. Hakunitendea ubaya hata siku moja. Kwa nini ananifanya hivi?"

Majibu ya maswali ya namna hiyo huwa ni uongo, na Msumari alilijua hilo. Alichukua futi yake ya kukunja. "Simama wima nikupime," alisema.

"Nimesimama."

"Hujasimama, dada. Umesimama kama yeye."

Fundi alikuwa amepima miili ya mtaa mzima, lakini hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimpima yeye. Msumari alimwambia avue viatu, aegemee fremu ya mlango, visigino, makalio, mabega yote mawili yaguse mti. Nyonga ya kushoto iliuma kama mlango wa bati uliokaa umefungwa muda mrefu. Akakunja kiwiko, Msumari akapima kutoka kiwiko hadi chini, akauliza meza ya jikoni ina kimo gani, akahesabu kwa midomo. Kisha akaleta ubao ambao Fundi hakuwa ameutazama hata mara moja. Ulikuwa wa mtiki, rangi ya chai ya maziwa, mpana, bapa kabisa, na Msumari aliupigia vijiguu vifupi chini ili uinuke kiasi cha kimo chake.

Fundi akaugusa. Haukumwambia kitu. Ulikuwa baridi, mgeni, na mkono wake ulitaka kuondoka.

"Siupendi," alisema.

"Vizuri," Msumari alisema. "Ndio wako."

Kwa wema wake akataka pia kuupiga randa ule wa zamani aliokuja nao Fundi mfukoni, auondolee bonde. Akaufunga kwenye benchi, akasukuma randa. Randa ikafika bondeni ikaruka. Akapunguza ulimi wa chuma wa randa, akasukuma tena, na safari hii likatoka ganda moja refu la mti, likajikunja, na harufu ya kitunguu kibichi, kilichokatwa sasa hivi, ikajaa karakana yote. Macho ya Msumari yakaanza kutoa machozi. Akayafuta kwa mkono, yakaja tena. Aliufungua ubao haraka, akaurudisha katika mfuko wa Fundi kwa ncha za vidole.

"Sikufukuzi," alisema, "lakini usiniachie hapa."

Nyumba ya wifi ilikuwa njiani. Fundi alitembea na mfuko wenye ubao wa zamani bega la kushoto na ubao mpya kwapani kulia, na mfuko ulimgonga nyongani kila hatua, ukimvuta upande wake uleule. Wifi alifungua mlango, akauona mfuko, akajua. Mzaha wa mapazia haukukumbukwa. Aliupokea ubao kwa mikono miwili, akaupeleka jikoni mwake na kuuweka juu ya meza, akausafisha kwa upindo wa kanga ingawa haukuwa na uchafu.

"Una hakika, wifi?" aliuliza.

"Wewe ndiye unayemtaka," Fundi alisema. "Mimi namkumbuka tu. Inanitosha."

Wifi akamsindikiza mpaka getini, kama inavyopasa. Walikuwa wamesimama hapo wakiagana, jua likiwaka, mtu akipita na baiskeli yake, ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, jikoni. Ko-ko. Kimya. Ko.

Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine. Fundi alimtazama wifi. Uso wa wifi ulikuwa umefunguka, umekuwa mdogo, uso wa mtoto aliyecheza nje mpaka njaa ikamkumbusha nyumbani.

"Wifi, ngoja," Fundi alisema, akamshika mkono. "Usiingie sasa. Njoo ukae kwetu leo."

"Naitwa, wifi," alijibu kwa upole, akautoa mkono wake. "Acha niende, naitwa." Alivua viatu huku nje, akaviweka sambamba mlangoni, akaingia.

Fundi hakukimbia, kwa sababu mguu haukumruhusu. Alitembea tu, akijilazimisha kukanyaga sawa, na kila hatua ilimuuma, na alifurahi kwamba inauma.

Nyumbani aliuweka ubao mpya mezani, akasimama wima, akakata. Kitunguu hakikujua pa kwenda. Kilikimbia huku, kikakimbia kule, na uwanja ule ulikuwa bapa, hakuna mahali paliposema hapa. Kila kipande ilibidi aamue mwenyewe. Alikata kimoja kinene kama kidole, kingine chembamba mpaka kikaonyesha mwanga, na mara kwa mara mkono ulisimama hewani ukimsubiri mtu, akauambia kwa sauti, kata. Wakati huo mafuta yakaungua. Chumvi alitia, akasahau, akatia tena.

Mume akarudi. Alisimama kidogo mlangoni, pua juu, kama aliyekosea nyumba. Akanawa, akaketi. Fundi akamwekea sahani mbele, akabaki amesimama, mikono nyuma. Mume akatia kijiko mdomoni. Akatafuna. Akakiweka kijiko chini polepole, bila sauti, vilevile kama siku zile.

"Nani kapika?" aliuliza.

"Mimi."

Alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kwanza usoni, kisha namna alivyosimama, kama mtu anayesoma mita aliyoiruka miezi mingi. Kisha akageuka kutazama meza ya jikoni, akauona ubao mpya wenye vijiguu, na mahali pa ule wa mama patupu.

"Mama amekufa," alisema.

Hakulisema kama swali. Alilisema kama mtu aliyegongewa mlango asubuhi ile ile akaletewa habari.

"Ndiyo, mume wangu," Fundi alisema. "Mama amekufa."

Hapo ndipo msoma mita alipolia. Alilia kwa sauti, mabega yakimruka, kamasi zikimtoka bila haya, na jirani akafunga dirisha lake taratibu, kwa adabu. Fundi hakumnyamazisha. Alivuta kiti, akaketi karibu yake, akamwekea mkono mgongoni na kuuacha pale. Alipochoka kulia alijifuta uso kwa mkono wa shati alilomshonea, akavuta sahani, akakishika kijiko.

"Fundi," alisema huku akitafuna, "umetia chumvi mara ngapi?"

"Mbili."

Akatikisa kichwa, akala. Alikula mpaka mwisho, vipande vinene na vyembamba na vilivyoungua. Fundi naye akajipakulia, akaonja, na kusema kweli kilikuwa chakula kibaya sana.